Mizigo Miwili ya Malaba

Kila lori linalopita Malaba hubeba mizigo miwili. Wa kwanza unaonekana kwa macho: mabati, ngano, mitumba, mafuta ya petroli. Wa pili ni maelezo ya ule wa kwanza: mwenye mali ni nani, imeshuka kutoka meli gani, ina uzito gani, imelipiwa ushuru kiasi gani, na inakwenda kushushwa wapi. Mzigo wa kwanza umekuwa ukivuka mpaka wa Kenya na Uganda kwa karibu karne nzima, kwa reli na kwa barabara. Wa pili ulikuja kuvuka vizuri juzi tu, na mpaka leo haujaacha kuwasumbua wanaoupokea.

Mpaka wenyewe si wa kale. Merikit, katika wilaya ya Tororo upande wa Uganda, ni nchi ya Wateso, na ng'ambo ya pili, kule Amagoro na Angurai upande wa Kenya, wanaishi Wateso wenzao wanaosema lugha ileile. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika hadi Naivasha, wakautia kwenye himaya ya Afrika Mashariki iliyokuja kuitwa Kenya. Mstari ukapita katikati ya watu waliokuwa wakioana na kuchunga pamoja. Reli iliyotoka Mombasa ikapitia Malaba na Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala.

Kwa miaka mingi mpaka huo haukuwa na uzito mkubwa kwa mfanyabiashara. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, Tanganyika ikafuata, na baada ya uhuru Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ikaurithi utaratibu huo. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na forodha yake, vitabu vyake na mihuri yake. Kilichokuwa kituo cha kupita kikawa kituo cha kusimama.

Karatasi ndiyo iliyotawala hapo. Wakala wa forodha aliandika tamko la Kenya kwenye fomu ya C63, akaambatisha ankara, orodha ya bidhaa na hati ya dhamana, akapanga foleni kugongewa mhuri. Kisha alivuka daraja kwa miguu au kwa baiskeli hadi ofisi za upande wa Uganda, na huko mambo yaleyale yakaandikwa upya kwenye fomu nyingine. Jina la mwagizaji lililoandikwa kwa ufupi upande mmoja liliandikwa kirefu upande wa pili. Kilo zikageuka tani, au zikakosewa. Tofauti ndogo kati ya fomu mbili ilitosha kuliegesha lori siku kadhaa, maana ofisa hakuwa na namna ya kujua kama amekutana na kosa la kalamu au na mtu anayekwepa ushuru.

Kompyuta zilipokuja zilileta nafuu ndani ya kila nchi, lakini si kati ya nchi na nchi. Shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilianza kutengeneza mfumo wa forodha uitwao ASYCUDA mwaka 1981, kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, iliyoundwa 1991, iliuchukua mfumo huo na kupanda nao toleo baada ya toleo. Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, iliyoundwa 1995, ilishika njia nyingine. Mwaka 2005 ilianza kutumia Simba, mfumo wenye asili yake Senegal, uliozaliwa na ule wa Dakar unaojulikana kama GAINDE.

Mwaka huo unafaa kutazamwa kwa makini. Tarehe 1 Januari 2005 Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulianza kazi: ushuru wa nje ukawa mmoja, sheria ya forodha ikawa moja. Kabla mwaka haujaisha, Kenya ilikuwa na Simba na Uganda ilikuwa na ASYCUDA++. Nchi mbili zilizokubaliana kuhusu ushuru wa nje zilijikuta na kompyuta zisizosalimiana. Karani wa Malaba aliona taarifa kwenye skrini ya Simba, akazichapa kwenye karatasi, karatasi ikavuka mpaka, na karani mwenzake akaziandika upya kwenye ASYCUDA.

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 2007. Kwa msaada wa shirika la misaada la Marekani, USAID, mamlaka hizo mbili zilianza kutumia RADDEx, daraja la kielektroniki la kupitishia data za forodha, na Malaba ikawa miongoni mwa vituo vya kwanza kulitumia. Tamko lililokubaliwa upande wa Kenya lilitumwa moja kwa moja upande wa Uganda kabla lori halijafika.

Ilidhaniwa kwamba kazi kubwa itakuwa waya na mitambo. Kazi kubwa ikawa kukubaliana juu ya umbo la vitu. Namba ya mlipakodi ni mfano mzuri. KRA humpa mlipakodi namba yenye herufi mwanzoni, tarakimu 9 katikati na herufi nyingine mwishoni. URA humpa tarakimu 10 tupu. Mtaalamu wa Kampala aliyezoea namba za kwao angeweza kabisa kuutengea uga wake, yaani sehemu ya kuijazia, nafasi ya kuwekea namba peke yake. Siku inapoingia namba ya Mkenya, herufi ya kwanza tu inamkwamisha. Lori nalo ni hivyohivyo. Upande wa Kenya kichwa cha lori kina namba yake inayoanza na K, na trela lina namba yake inayoanza na Z. Mfumo unaodhani gari moja lina namba moja lazima uchague ipi ya kuitupa.

Kwa hiyo ujumbe ukishapokewa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Programu ya mpokeaji haifanyi kazi na ujumbe. Inafanya kazi na vitu ilivyovibuni yenyewe: Tamko, Bidhaa, Mwagizaji, Gari. Kila kimoja kina nyuga zake na masharti yake. Ni lazima pawepo sehemu inayousoma ujumbe uga baada ya uga, ikiuliza kila uga unakwenda wapi, ukiwa wa aina gani, na usipokuwepo itakuwaje. Hiyo ndiyo kazi ambayo watengenezaji wa huduma za wavuti duniani kote hukesha nayo, na mpakani ilikuwa ikifanywa na makarani kwa kalamu kabla haijafanywa na programu.

Zama za RADDEx, lugha iliyotamba katika kutumiana data ilikuwa XML, iliyopitishwa rasmi Februari 1998. ASYCUDA World, toleo ambalo Uganda ilihamia katika miaka ya 2010, huitumia. XML ilikuwa na sifa ya kujieleza kwa kirefu: kila kitu hufunguliwa kwa jina na kufungwa kwa jina lilelile, na hati nyingine huambatana nayo kueleza ni nini kinaruhusiwa wapi. Kwa forodha, inayotaka kila jambo liandikwe na kushuhudiwa, ilifaa. Kwa simu ya mkononi na intaneti ya kusuasua ilikuwa nzito.

Nyepesi ilikuwa imeshazaliwa California. Aprili 2001 Douglas Crockford na Chip Morningstar walituma ujumbe wa kwanza wa aina ambayo baadaye iliitwa JSON. Walikuwa wameona kwamba lugha ya JavaScript, ambayo tayari ilikuwamo katika kila kivinjari, ina namna yake fupi ya kuandika vitu: jina, nukta mbili, thamani. Ujumbe huo wa kwanza uligoma. Jina mojawapo walilolitumia lilikuwa ni neno ambalo JavaScript imejiwekea yenyewe, na kivinjari kikalikataa. Wakaamua kwamba majina yote, bila kubagua, yafungiwe ndani ya alama za kunukuu, na ndivyo yalivyo hadi leo. Baadaye Crockford aliondoa pia ruhusa ya kuandika maelezo ya pembeni, baada ya kuona watu wakiyatumia kuficha maagizo kwa programu inayosoma.

JSON ilibaki na aina chache za thamani: maandishi, namba, kweli au si kweli, tupu, orodha, na obijekti yenye nyuga ndani yake. Kwisha. Haina tarehe. Haina fedha. Haina namba ya simu wala namba ya kontena. Ufupi huo ndio ulioipa ushindi, na ndio uliouhamisha mzigo wote wa kutafsiri ukaangukia mabegani mwa mpokeaji. Mahindi yanayouzwa soko la Busia, mji mwingine wa mpaka huohuo, hupimwa kwa gorogoro upande mmoja na kwa kilo upande mwingine, na anayenunua ndiye anayepaswa kujua gorogoro lake linajaa kilo ngapi. Ndivyo ilivyo kwa anayepokea JSON.

Maharage yanaonyesha ugumu huo vizuri zaidi, nayo ni bidhaa inayovuka Busia kila siku ya Mungu. Tangu 1988 dunia hutumia orodha moja ya namba za bidhaa, tarakimu 6 za kwanza zikiwa sawa kila mahali. Afrika Mashariki huongeza mbili zikawa 8. Maharage ya kawaida ni 0713.33.00. Nyanya, ndizi, mayai, samaki na kahawa pia ziko katika sura za mwanzo za orodha, kwa hiyo namba zao zote huanza na sifuri. Mtu akiiandika namba hiyo kwenye JSON kama namba, ujumbe wote unakuwa batili, kwa sababu kanuni za JSON haziruhusu namba nzima ya tarakimu nyingi kuanza na sifuri. Akiiondoa sifuri ili ujumbe upite, maharage yanabaki na tarakimu 7 na hayapatikani kwenye kitabu cha ushuru. Njia salama ni moja: iandikwe kama maandishi, na mpokeaji aitie kwenye aina aliyoibuni mwenyewe inayojua kwamba namba ya bidhaa ina tarakimu 8, si pungufu.

Kilichoileta JSON mpakani kwa kishindo, hata hivyo, hakikuwa forodha. Kilikuwa pesa za simu.

M-Pesa ya Safaricom ilianza Kenya Machi 2007, na kampuni ya simu ya MTN ikaanzisha huduma kama hiyo Uganda mwaka 2009. Busia na Malaba zikawa miji ya watu wenye laini mbili mfukoni. Mwanzoni anayetaka kuunganisha programu yake na M-Pesa alipata shida: mitambo yenyewe ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015, na mlango wa kuingilia ulikuwa wa XML. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mlango mpya unaozungumza JSON. MTN nayo ikafungua wa kwake. Kuanzia hapo kijana mwenye kompyuta ndogo, awe Tororo au Bungoma, aliweza kuandika programu inayopokea malipo.

Na hapo ndipo alipokutana na yaleyale ya makarani wa Malaba. Chukua programu ya mfanyabiashara wa nafaka anayelipwa na wateja wa pande zote mbili. Ndani yake kuna kitu kimoja kinachoitwa Malipo, chenye nyuga tano: kiasi, sarafu, simu, risiti, wakati. Malipo ya nambari ya biashara yanapoingia kupitia Daraja, kiasi hufika katika uga uitwao TransAmount, nacho kimefungwa kwa alama za kunukuu, yaani ni maandishi. Malipo ya mteja aliyeletewa ombi kwenye simu yake hufika kwa sura nyingine kabisa: orodha ya vipande, kila kipande kikiwa na jina na thamani, na kiasi kimo humo kama namba. Ya MTN huleta kiasi kama maandishi, pamoja na uga wa sarafu. Za Daraja hazitaji sarafu, kwa kuwa hudhaniwa kila anayesoma anajua ni shilingi ya Kenya. Asiyeijaza mwenyewe atajikuta amejumlisha shilingi za Kenya na za Uganda kwenye safu moja.

Simu ina mtego wake. Katika ujumbe wa ombi la malipo, namba ya simu hufika kama namba, bila alama za kunukuu: 254 na tarakimu 9 nyuma yake. Mwandishi wa programu ya Java anayeutengea uga huo aina ya kawaida ya namba nzima anakwama mara moja, maana aina hiyo haivuki 2,147,483,647, na namba yoyote ya simu ya Kenya ikiandikwa kimataifa ni kubwa mara mia na zaidi. Akipanua nafasi, mambo yanaenda, mpaka siku nyingine. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na baadaye malipo ya nambari ya biashara yakaanza kufika na simu ya mteja iliyofunikwa kwa nyota katikati. Uga uliosomwa kama namba ukawa si namba tena. Programu zilizokuwa zimeugeuza namba zikagoma; zilizouacha kama maandishi hazikustuka.

Wakati nao hufika kama tarakimu 14 zilizobanana: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Hakuna kinachosema ni saa za wapi. Kati ya Nairobi na Kampala hakuna tofauti, lakini seva ya programu inaweza kuwa Ulaya, na programu isiyoambiwa hudhani ni saa za huko. Malipo ya saa tano usiku Busia yanaweza kuandikwa chini ya tarehe isiyo yake, na hesabu za jioni zikakataa kulingana.

Mtego mgumu kuliko yote ni wa kitu kisichokuwepo. Mteja akibonyeza kukataa, ujumbe hurudi na namba ya matokeo 1032, na ile orodha ya vipande haimo kabisa. Si tupu, haimo. Programu iliyoandikwa na mtu aliyejaribu malipo yaliyofaulu peke yake huingia kutafuta kiasi ndani ya orodha isiyokuwepo, ikaanguka. Wazoefu huanza na swali la namba ya matokeo. Ikiwa ni 0, hujenga Malipo. Ikiwa si 0, hujenga kitu kingine, tuseme MalipoYaliyokataliwa, chenye nyuga zake tofauti. Zana za kugeuza JSON kuwa obijekti, kama vile Jackson na Gson za Java, hufanya zenyewe sehemu kubwa ya kazi pale majina yanapolingana. Pale yasipolingana, mtu huandika kigeuzi chake kwa mkono, mstari kwa mstari.

Wakati huohuo forodha nazo zilikuwa zimepiga hatua. Januari 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha. Mwagizaji wa Kampala hufungua tamko lake kwa URA na kulipa kodi mzigo ukiwa bado Mombasa, ambako maofisa wa Uganda hukaa pamoja na wa Kenya. Data ikawa inatangulia na lori linafuata. Jumuiya husema safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi karibu siku 4. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia: lori husimama mara moja tu, katika nchi linayoingia, na maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja.

Kisha ikaja korona. Kuanzia Aprili na Mei 2020 madereva wa malori walilazimika kupimwa mpakani, na foleni za Malaba na Busia zikaenda kilomita na kilomita ndani ya Kenya wakati majibu ya maabara yakisubiriwa. Jumuiya ikaleta mfumo wa simu wa kuwafuatilia madereva na mizigo, ambao ulibeba cheti cha majibu ya dereva na kuonekana na maofisa wa nchi zote zilizojiunga nao. Kwa mara nyingine umbo la kitu likawa ndilo suala. Jibu la maabara haliishii kuwa na virusi au kutokuwa navyo. Lina jina la dereva, namba ya hati ya kusafiria, siku ya kuchukuliwa sampuli na siku ya kwisha muda wake, na kila nchi ilikuwa imezoea kuyaandika kivyake.

Januari 2022 ilionyesha pale ambapo kazi ya programu huishia. Uganda iliagiza madereva wote wapimwe upya wanapoingia, kwa kulipia. Madereva wakagoma, foleni ya Malaba ikarudi, na bei ya petroli nchini Uganda ikapanda ghafla. Mfumo wa kusoma vyeti vya upande wa pili ulikuwepo. Kilichokosekana ni serikali kukubali kwamba cheti cha mwenzake kinatosha, na suala hilo lilimalizwa na mawaziri mezani.

Mifumo yenyewe haijatulia. KRA imeiacha Simba na kuhamia mfumo mpya uitwao iCMS, kwa hiyo madaraja yaliyokuwa yamejengwa kati ya Simba na ASYCUDA ilibidi yapitiwe upya, uga baada ya uga. Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya. Forodha yake hutumia ASYCUDA ileile ya UNCTAD, lakini huko huitwa Sydonia, na inazungumza Kifaransa. Mzigo unaoshuka Mombasa, ukapita Malaba na kuvuka Uganda hadi Mpondwe ili kufika Beni, sasa una wapokeaji watatu wa data yake: wa kwanza anatumia iCMS, wa pili ASYCUDA World, wa tatu Sydonia. Kila mmoja ana namba yake ya mlipakodi, majina yake ya nyuga na orodha yake ya hati zinazotakiwa, na kwa kila jozi kati yao lazima pawepo mtu wa kuandika kigeuzi.